GUNDI ILIYO NDANI YA BATRI YA TAA YAKO



Katika ukurasa huu tumekwisha kusema mengi juu ya vumbi, juu ya kipindupindu, juu ya viatu na kofia. Leo tutasema juu ya kitu ambacho wengi wetu hatujakiona kwa macho, ingawa kila anayeshuka mgodini anakibeba: gundi iliyo ndani ya batri ya taa.

Sababu ya kuandika ni hii. Watu wanakuja dispensari na batri zilizovimba. Hawaji kwa kuwa wameumia, wanakuja kuuliza. Mmoja aliiweka batri yake juu ya meza, palepale tunapoweka mikasi na pamba, akasema: "Mganga, angalia, imefanya jipu. Niitoboe?" Waliokuwa wakingoja dawa walicheka sana, lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko walivyodhani. Jipu tunalipasua ili usaha utoke na mtu apone. Batri iliyovimba ukiitoboa, kinachotoka kinaweza kukuunguza mkono, kinaweza kuwaka moto, na moshi wake unaweza kukuua wewe pamoja na wale mnaolala nao chumba kimoja. Ili uelewe kwa nini, yafaa tuifungue batri hapa, juu ya karatasi, mahali pasipo na hatari.

Wazee waliofanya kazi zamani wanaikumbuka taa ya ukanda: sanduku zito la risasi na asidi kiunoni, waya mrefu mpaka kwenye kofia, na suruali zilizotobolewa na matone ya asidi. Batri ya namna ile ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, nayo ingali inafanya kazi katika magari. Batri ya lithiamu ni mtoto wa juzi. Kampuni ya Sony ya Japani ndiyo iliyoanza kuiuza, mwaka 1991, na mabwana watatu waliofungua njia yake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Batri ya jamii hiyo imo ndani ya taa yako ya kichwa, ndani ya simu yako, na ndani ya taa nyingi za sola. Utaikuta hata kwenye mitumbwi, katika baadhi ya taa wanazowasha wavuvi wa ndagala usiku kuanzia Kalundu mpaka Makobola na mbele zaidi.

NDANI KUNA NINI?

Ungeweza kuona ndani, ungeona utepe mrefu uliokunjwa kama mkeka. Kwa kweli ni tepe mbili, na katikati yake kuna karatasi nyembamba ya plastiki inayozitenga zisigusane. Utepe mmoja ni wa shaba, mwembamba kuliko unywele wa kichwa. Wa pili ni wa alumini. Juu ya shaba wamepaka unga mweusi wa grafiti, ileile iliyo ndani ya penseli ya mtoto wako wa shule. Juu ya alumini wamepaka unga mwingine mweusi, na huo unatuhusu sisi Wakongo, kwa sababu mara nyingi umechanganywa na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka nchini kwetu, upande wa Kolwezi na Fungurume. Vyote hivyo vimelowa maji fulani. Usidhani ni maji ya kunywa: ni dawa inayoshika moto upesi, na ndani yake wameyeyusha chumvi ya lithiamu.

Unapochaji, lithiamu hutoka katika unga wa upande wa alumini, huvuka maji yale, huingia ndani ya grafiti na kukaa humo. Unapowasha taa, hurudi ilikotoka. Kazi yote ya batri ni hiyo, kwenda na kurudi, kama boti inayovuka ziwa asubuhi na kurudi jioni.

Sasa fikiri kidogo. Unga ni unga. Ukimwaga unga wa muhogo juu ya bati, upepo wa ziwa utaupeperusha wote. Je, ni nini kinachoushika unga mweusi usianguke toka kwenye utepe, mwezi kwa mwezi, huku taa inagongwa na mawe na kutikiswa na wachorongaji?

Ni gundi. Kila chembe ya unga lazima iguse mwenzake, na zote ziguse utepe, ama sivyo umeme haupati njia. Chembe iliyobanduka haifanyi kazi tena, hata kama ni ya madini ya bei kubwa namna gani. Mtu aliyejenga nyumba ya miti na udongo anajua jambo hili bila kufundishwa. Udongo ukikandwa vizuri, ukuta unakaa miaka. Ukikandwa vibaya, masika ya kwanza unapasuka, ya pili unamwagika, na miti inabaki wazi. Mvua ile si ya ajabu, wala udongo si mbaya. Kilichokosekana ni kushikamana.

Gundi hiyo ni ya jamii inayoitwa polima. Jina ni geni, lakini kitu chenyewe tunakaa nacho. Polima ni kama uzi mrefu usioonekana kwa macho, uliofanywa kwa vipande vidogo vidogo vilivyoungwa kimoja kwa kingine mfano wa shanga katika kamba. Nailoni ya nyavu zetu ni polima. Beseni la plastiki ni polima, na mpira wa gurudumu vilevile. Hata wanga wa muhogo, unaofanya ugali ushikamane usimwagike mkononi, ni polima iliyotengenezwa na mmea wenyewe. Katika batri nyuzi hizo zinajipenyeza kati ya chembe za unga na kuzifunga.

Kiasi chake ni kidogo. Katika kilo 100 za unga uliopakwa, gundi mara nyingi ni kilo 2 mpaka 5 tu. Utauliza, kwa nini wasitie nyingi ili ishike sana? Kwa sababu gundi za kawaida hazipitishi umeme. Ukizidisha, kila chembe inafunikwa kama samaki aliyevingirishwa katika unga wa ngano, na umeme unagonga mlango bila kufunguliwa. Kwa hiyo mafundi wanaipima kwa uangalifu, na wanaongeza masizi laini ya kaboni ili umeme upate pa kupita.

BATRI INAPUMUA

Hapa ndipo penye kazi ngumu. Grafiti ikipokea lithiamu inavimba kwa sehemu 10 hivi katika 100. Lithiamu ikitoka, inanywea. Ndiyo kusema kila unapochaji taa, unga ule unavuta pumzi, na kila unapoitumia unatoa pumzi. Ukichaji mara moja kwa kila zamu, kwa mwaka unafika mara 300 kwa urahisi. Gundi lazima inyooke na kurudi kila mara bila kuachia. Gundi kavu inayovunjika kama kigae haifai, na iliyo laini kama uji nayo haifai.

Siku gundi inapoanza kuchoka, utaona dalili. Taa iliyokuwa inamaliza zamu inaanza kufifia kabla ya wakati. Wengi hukasirikia chaja, au humkasirikia ndugu wa lampisteri wakisema amewapa taa ya zamani. Mara nyingine ni kweli, lakini mara nyingi ni ndani ya batri yenyewe: sehemu ya unga imebanduka, ipo lakini haihesabiwi tena.

Kisha kuna jambo la pili, baya zaidi. Chembe zikipasuka na kubanduka, zinaonyesha uso mpya. Maji yale ya ndani yakigusa uso mpya yanaharibika, na katika kuharibika yanatoa gesi. Yanatoa gesi pia kwa sababu ya joto, na kwa sababu ya kuchajiwa kupita kiasi. Gesi haina pa kutokea, maana batri imefungwa pande zote. Ndiyo yale majipu. Uvimbe si ugonjwa wa nje wa mfuko. Ni habari kutoka ndani kwamba mambo yameharibika na hayatarudi.

Joto ndilo adui mkubwa. Gundi inayotumika sana hulainika na kuvimba ikipata joto ndani ya maji yale, na mshiko wake hupungua. Kwa hiyo unapoitandaza taa juu ya bati saa nane mchana ili "ikauke", unafanya kazi ya mwaka mzima ya kuiharibu kwa siku chache. Vilevile kuiacha mbele ya kioo cha gari katika bonde la Ruzizi. Vilevile kuiweka karibu na mbabula wa makaa jikoni.

GUNDI YA ZAMANI NA GUNDI MPYA

Gundi iliyotawala tangu mwanzo inaitwa kwa herufi PVDF. Ni plastiki ngumu, haitikisiki kwa asidi wala kwa umeme mwingi, na kwa hiyo upande wa alumini bado hawajapata nyingine ya kuishinda katika viwanda vingi. Lakini ina mambo mawili ambayo mtu wa afya hawezi kuyanyamazia.

La kwanza, haiyeyuki katika maji. Viwandani wanaiyeyusha kwa dawa inayoitwa NMP, wanapaka, kisha wanakausha kwa joto kubwa na kuikusanya mvuke wake. Mvuke huo si wa kuchezea. Umoja wa Ulaya umeiandika NMP katika vitu vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na tangu mwaka 2020 una sheria inayoweka kiasi cha juu ambacho mfanyakazi anaruhusiwa kukipata. Wewe mwenye kuvaa taa huna hofu ya NMP, kwa sababu imekaushwa kabla batri haijafungwa. Mwenye hofu ni mama anayefanya kazi kwenye mashine ya kupaka, huko China au Korea. Naona ni vizuri tumjue. Sisi tunakula vumbi la mawe, yeye anavuta mvuke, na taa ni moja.

La pili tutalisema mbele kidogo, maana ndilo lenye kukuhusu wewe.

Kwa ajili ya shida hizo watu wametafuta gundi inayoyeyuka katika maji ya kawaida. Upande wa shaba wamekwisha kuipata zamani. Leo batri nyingi zinatumia mchanganyiko wa vitu viwili: kimoja kinaitwa CMC, kinatokana na nyuzi za miti na pamba, na cha pili ni aina ya mpira wa kiwandani. Cha kwanza kinashika, cha pili kinanyooka. Ni rahisi zaidi kwa bei na hakimwumizi anayekipaka.

Lakini sasa wanataka kuweka silikoni pamoja na grafiti, kwa sababu silikoni inabeba lithiamu nyingi zaidi mara nyingi. Taabu yake ni moja: ikijaa lithiamu inakuwa kubwa mara nne hivi. Si sehemu 10 katika 100 tena, ni kama mtoto kuingia chumbani na kugeuka tembo. PVDF haiwezi kumshika tembo huyo, inaachia baada ya safari chache. Mwaka 2011 wataalamu wa vyuo vya Georgia Tech na Clemson, huko Marekani, walionyesha kwamba alginati, yaani utomvu wa mwani wa rangi ya kahawia wa baharini, unaishika silikoni vizuri kuliko gundi za kawaida. Wengine wamejaribu gundi ya mti wa akasia, ambayo Sudani inaiuza duniani siku nyingi, na wengine wamejaribu wanga. Dada zetu wa Zanzibar wanaolima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 watapenda kusikia hayo, ingawa mwani wao ni wa jamii nyekundu na utomvu wake ni mwingine. Nao pia umejaribiwa maabara.

Siandiki haya ili mtu akimbilie kumimina uji wa muhogo ndani ya taa ya kampuni. Naandika kwa sababu vijana wetu waliomaliza shule wanauliza kila siku kama kuna kazi nyingine katika madini isipokuwa kuchimba. Kobalti ni yetu. Lithiamu nyingi imelala Manono. Unga tunautoa sisi, gundi wanatia wengine, na fedha nyingi hukaa pale inapotiwa gundi. Mimi si mtu wa siasa wala wa biashara, lakini kemia hiyo inafundishika kama nyingine.

MOSHI

Sasa lile jambo la pili. Katika PVDF, zaidi ya nusu ya uzito wake ni florini. Chumvi ya lithiamu iliyo katika maji ya batri nayo kwa kawaida ina florini. Zikiwa zimefungwa ndani hazikudhuru. Batri ikipata moto, chumvi inatangulia kuvunjika, na moto ukizidi gundi inafuata, na hapo inatoka gesi inayoitwa hidrojeni floridi. Ikikutana na majimaji ya mwili, katika macho, koo na mapafu, inakuwa asidi kali. Inapita ngozi na kuingia ndani, inashika kalsiamu ya damu na kuiondoa katika kazi yake. Kwa hiyo hata moyo unaweza kuathirika.

Ubaya wake mkubwa ni kwamba inaweza kukudanganya. Mtu anatoka katika moshi, anakohoa kidogo, anakunywa maji, anasema "nimepona", anakwenda kulala. Baada ya saa kadhaa mapafu yanajaa maji na pumzi inakata. Kwa hiyo sheria yetu ya dispensari ni moja: aliyevuta moshi wa batri katika chumba, hata kidogo, hata kama anacheka, aje tumwangalie, na tutamkalisha hapa mpaka kesho yake.

Sasa tazama nyumba zetu. Umeme unakwenda na kurudi, na ukirudi usiku wa manane, kila mtu anaamka nusu, anachomeka simu, anachomeka taa ya kazi, anarudi kulala. Anachomeka wapi? Juu ya matela ya sponji, kwa sababu waya ni mfupi, na matela iko chini ya chandarua, na kitanda kiko karibu na mlango, na mlango ni mmoja. Batri ikiwaka hapo, chandarua kinashika, sponji inashika na kutoa sumu yake yenyewe, na moto uko kati ya watoto na mlango. Mambo haya yanakwenda kwa dakika chache. Sina la kulipamba jambo hili.

Taa ya kazi ina mahali pake pa kuchajiwa, napo ni lampisteri, yaani chumba cha taa. Huko kuna sakafu ya saruji, kuna hewa, na kuna mtu aliye macho usiku kucha. Usiipeleke nyumbani. Najua wengine wanaipeleka ili mtoto asome, na sababu hiyo naiheshimu. Lakini mwombe shefu wako, tuangalie pamoja namna nyingine ya kumpa mtoto mwanga.

Kwa simu na taa zako mwenyewe, zichaji mchana au jioni, ninyi mkiwa macho, juu ya saruji au sahani ya bati, mbali na matela, mbali na mlango, na kwa chaja iliyokuja nazo. Ikipata joto hata huwezi kuishika, chomoa. Ikitoa harufu tamu kama ya rangi ya kucha, chomoa, itoe nje. Ikivimba, imekwisha. Kuna wanaoibana kwa mpira ili kifuniko kifunge. Kufanya hivyo ni kuzisukuma zile tepe mbili zigusane.

Batri zilizozama maji nazo zina hatari yake. Mwezi wa Aprili 2020 Mulongwe ilipofurika, watu wengi waliokota vitu vyao katika matope wakavianika juani. Nguo inakauka, batri haikauki. Maji yakiingia ndani yanakutana na ile chumvi ya lithiamu na kufanya asidi ileile, na mahali pa kugusana panaota kutu. Batri iliyozama isichajiwe tena. Wavuvi mnanisikia pia: taa iliyoanguka ziwani ikatolewa, msiirudishe kwenye chaja kwa kuwa inawaka bado.

UNGA MWEUSI

Kuna jambo ambalo mama atalijua kabla ya baba. Vijana wa kutengeneza simu na taa wanafungua batri za zamani, wanachagua zilizo nzuri na kuunganisha nyingine. Zile mbaya zinatupwa nyuma ya nyumba, na watoto wanazichukua. Ndani wanapata utepe unaong'aa, wanaukwaruza, na unga mweusi unabanduka kirahisi kama gundi imechoka. Unapaka vidole, unapaka mdomo, unaingia katika ugali.

Unga huo si masizi ya sufuria. Upande wa alumini una kobalti, na mara nyingi nikeli. Zote mbili zinaweza kuamsha mwasho mbaya wa ngozi, na vumbi la kobalti likivutwa kwa siku nyingi linaleta pumu na kuharibu mapafu. Madaktari waliyajua hayo kwa wafanyakazi wa viwanda vya chuma kigumu miaka mingi kabla ya simu za mkono. Kwa hiyo ukiona mtoto ana mikono meusi namna hiyo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, mbadilishe nguo, na mwulize ameupata wapi. Usikung'ute nguo zake ndani ya nyumba.

Wala usitie batri katika takataka za kuchomwa uani. Wala usizitupe ziwani au mtoni. PVDF haiozi kama jani la mgomba, ni ya jamii ya vitu vinavyokaa miaka na miaka, na maji hayo ndiyo tunayoteka.

IKITOKEA AJALI

Batri ikianza kutoa moshi, kwanza watoe watu. Halafu, kama unaweza kufika bila kuvuta moshi, kata umeme. Usirudi kuokoa simu wala redio. Kwa taa au simu, maji mengi yanafaa, umwage ukiwa mbali, ukisimama upande unakotoka upepo, maana kinachotakiwa ni kuipoza. Mchanga unafunika miali lakini haupozi, na batri iliyozimika inaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa. Iache nje, mbali na nyumba na mbali na kuni.

Aliyevuta moshi mkalishe wima penye hewa safi, asitembezwe, na mlete upesi. Usimnyweshe maziwa wala mafuta ya mawese. Najua ndiyo dawa ya kwanza nyumbani mtu akipatwa na sumu, lakini gesi hii iko katika mapafu, na mafuta yakikosea njia kwa mtu anayekohoa yanaweza kuingia hukohuko.

Maji ya batri yakikugusa ngozi, vua nguo iliyolowa, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 zisizopungua, na uje. Kwa jicho ni hivyohivyo, ukilifungua kwa vidole. Hata kama ngozi inaonekana nzima, uje, kwa sababu asidi ya florini inaweza kuchelewa kuuma mpaka imefika ndani. Ukifika useme neno moja kwanza: "batri". Mganga akijua hivyo atatafuta dawa yake, glukonati ya kalsiamu ya kupaka, inayoikamata florini kabla haijaifikia kalsiamu ya mwili wako. Ukisema tu "nimeungua", utapakwa dawa ya kuungua kwa moto, na muda utapotea.

Na yule ndugu mwenye jipu? Tulimjibu hivi. Usiitoboe, usiibonyeze, usiichaji tena. Iweke katika ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, ndoo uiweke nje penye kivuli, watoto wasifike. Kesho yake uilete lampisteri ukiibeba katika ndoo hiyohiyo, si mfukoni. Batri za zamani zinapokelewa siku za kazi, asubuhi kabla zamu ya kwanza haijashuka. Iliyovimba inapokelewa saa yoyote, hata usiku. Gonga dirisha.